Aina za masaji na faida zake
Masaji ya Kiswidi hutumia mafuta: viganja huteleza kuelekea upande wa moyo, kisha misuli hukandwa na kusuguliwa mpaka ilegee. Masaji ya Nuad Thai ya Thailand, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019, haihitaji mafuta. Mtu hulala kwenye godoro sakafuni akiwa amevaa nguo, naye mchuaji humbonyeza kwa vidole gumba, viwiko, magoti na hata nyayo, huku akimnyoosha viungo. Masaji hiyo huweza kuufaa mwili uliokakamaa. Kwa masaji, maumivu ya mgongo hupata nafuu ya muda tu. Mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu asichuliwe kabisa: bonge laweza kung'oka likafika mapafuni na kuua.