Mama Funguo na kazi zake saba

Nina mpwa wangu aliyemaliza masomo ya chuo kikuu, na tangu siku ile ya joho na kofia, kazi yake imekuwa ni kulala juu ya kochi langu, kula mkate wangu na kuzikataa kazi. Aliitwa kuuza saruji katika duka la vifaa vya ujenzi, akasema hakusomea saruji. Akaitwa kuandika hesabu za kituo cha kuoshea magari, akacheka mpaka akakohoa. Majuzi uvumilivu ulinitoka. Nilimwambia avae viatu, nikampeleka kwa Mama Funguo.

Msomaji, hilo si jina lake. Nimelichagua mimi kwa sababu ya shada la funguo analolibeba kiunoni, zaidi ya arobaini, nazo humtangulia kwa mlio kabla hujamwona mwenyewe. Ameajiriwa na wakala mmoja wa nyumba mjini Nairobi. Yeye ndiye huwaonyesha wapangaji nyumba, hukusanya kodi, hukagua hati za wanaouza na, ikibidi, hupanda juu ya paa kutazama bati linalovuja, ingawa umri wake unakaribia miaka sitini.

Tulimkuta akinywa chai kwa kifuniko cha chupa, amesimama. Sijawahi kumwona ameketi.

“Huyu ndiye msomi?” akauliza. Mpwa wangu akatazama sakafu. “Kaa hapo, kijana wangu. Mjomba wako anataka nikusomee vyeti vyangu, na mimi sina hata kimoja.”

Akaanza kuzihesabu kwa vidole. Katika miaka ya 1980 alifundisha shule ya msingi kijijini bila kusomea ualimu. Akaja mjini, akajifunza kupiga chapa, akaandikwa na serikali. Mwaka 1993 ulipoletwa mpango wa kustaafu mapema kwa hiari ili kupunguza watumishi wa ngazi za chini, kina karani, wapiga chapa na matarishi, alichukua kiinua mgongo chake akaondoka. Hiyo hiari, anasema, ilikuwa kama hiari ya kuku kuingia chunguni. Pesa zile alizitia katika mitumba pale Gikomba. Moto ukapita sokoni usiku mmoja, na asubuhi akabaki na mkoba na mwavuli.

Hapo ndipo alipokuwa makanga. Ndiyo, makanga, katika matatu za nambari 58 za kwenda Buruburu, kabla ya zile sheria za mwaka 2004 zilizowavika makanga sare na kuwafunga abiria mikanda. Wanaume walimcheka kwa siku mbili. Siku ya tatu walilipa nauli. Kisha akawa msimamizi wa ploti ya vyumba vya kupangisha huko Umoja, na mwishowe akaingia katika afisi hii. Aliingia kupika chai.

“Kwa hiyo ulikuwa unatangatanga tu,” mpwa wangu akasema. Nilitamani kumfinya.

Mama Funguo hakukasirika, jambo ambalo si la kawaida yake. Ana ulimi mkali mama huyu, na wapangaji wenye madeni huvuka barabara wakisikia funguo. Alivuta droo, akatusimulia kisa ambacho nimeruhusiwa kukiandika mradi nisitaje mtu.

Alikuja mzee mmoja, nadhifu, mwenye fimbo, akitaka kuuza nyumba yake ya Buruburu. Hati ilikuwa safi. Utafutaji kwenye rejesta ya ardhi ulionyesha jina lake na hakuna rehani. Mnunuzi alikuwa tayari na asilimia kumi ya malipo ya kwanza. Ilibaki karatasi moja tu, ile ya mke kukubali, kwa maana Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya wote wawili. Mzee akaitoa mfukoni, imetiwa sahihi. Mama watoto, akasema, yuko mashambani anauguza mguu.

“Mimi nilisahihisha madaftari hamsini kila jioni,” Mama Funguo akamwambia kijana. “Namjua mtoto aliyemwandikia mwenzake.” Sahihi ya mume na ya mke zilikuwa na mkia mmoja, umekunjwa namna moja, na kalamu ikakandamizwa pale pale. Kisha karani wa zamani ndani yake akaona kwamba nambari ya kitambulisho cha mke imepungua tarakimu moja. Na makanga akamtazama mzee usoni, akaona uso wa abiria anayesema amekwisha lipa.

Akamwambia kwa adabu kuwa atamletea mama karatasi nyingine yeye mwenyewe, huko huko mashambani, nauli ni juu ya afisi. Mzee akageuka mbogo. Mwenye afisi naye akatoka chumbani kwake, kwa maana mauzo yalikuwa yamekauka na mwisho wa mwezi ulikuwa umefika. Alimwita Mama Funguo kando, akamwuliza yeye ni polisi tangu lini. Hakurudi nyuma. Mzee alikusanya karatasi zake, akaondoka, na ada ya afisi ikaondoka naye. Mwezi huo Mama Funguo hakupata ile nyongeza aliyoizoea, na kwa wiki tatu mwajiri wake alimsalimia kwa kichwa tu.

Mpwa wangu akauliza mama yule wa mashambani alikuwaje.

“Hakuwa mashambani. Alikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, anapika. Nilipita barabarani jioni nikamwona akianika nguo.” Aliingia, akaomba maji ya kunywa, akamweleza. Kama alifanya vyema kuingia katika nyumba ya watu namna hiyo, sijui. Wako watakaosema amevuka mpaka wa kazi yake. Ninalojua ni kwamba nyumba haijauzwa mpaka leo, na yule mama huleta maembe afisini kila msimu.

Kuna jambo linaloniuma. Sheria ya mwaka 1984 ya mawakala wa nyumba inataka anayefanya biashara hiyo asajiliwe na bodi, na usajili una masharti yake ya elimu. Ni sheria nzuri. Bila hiyo kila mwenye simu angekuwa wakala. Lakini kwa sababu hiyo mama huyu hawezi kufungua afisi yake. Ameajiriwa na atastaafu akiwa ameajiriwa, huku akiwafundisha kazi vijana wenye diploma ambao wakishaijua huwa wakubwa wake. Nilimwuliza kama haimchomi. “Inanichoma,” akajibu, akafunga chupa ya chai.

Kisha akamgeukia mpwa wangu, akamwambia kuna nafasi ya mwezi mmoja, mshahara ni nauli na chakula cha mchana. Nilingoja acheke mpaka akohoe.

Jumatatu aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Alirudi jioni suruali imejaa chokaa, akaniambia alikabidhiwa ndoo, kitambaa na ufunguo wa nyumba tupu huko Donholm, akaamriwa afungue kila mfereji na kuandika upi unavuja. Mifereji sita. Minne inavuja. Alikuwa ameiandika yote kwa mwandiko mzuri, na alitaka kujua kama nina spana.