TULINDE CHUMA, TULINDE NA WATU

Kutu ni adui asiyelala. Huanza kama doa dogo lisilomshughulisha mtu, na mwisho wake ni bomba kupasuka, tangi kuvuja au lango la bwawa kukwama. Ndiyo maana popote panapojengwa kwa chuma, fedha nyingi hutengwa kwa ajili ya rangi na mipako ya kukikinga. Swali letu leo ni hili: je, yule anayeupaka mpako huo naye anakingwa na nini?

Swali hili linazihusu wilaya za Ngara na Biharamulo moja kwa moja. Huko Rusumo, maji ya mto Kagera yamefungiwa mitambo ya umeme wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawasawa. Na vyuma vya kituo kile hukaa majini usiku na mchana. Biharamulo ilikwisha kuingiza matangi na mitambo mikubwa tangu mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulipoanza kuzalisha mwaka 2005. Tena Biharamulo imo katika njia ya bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443.

Tulitazame bomba hilo kwa makini, maana lina funzo. Mafuta ya Uganda ni mazito kama nta. Yasipopashwa moto hadi nyuzi 50 hivi za Sentigredi huganda. Kwa hiyo kila kipande cha bomba huhitaji mpako wa kuzuia kutu, kisha povu zito la kuhifadhi joto, kisha gamba la plastiki juu yake. Kazi kubwa ya kuvika povu hilo imewekewa kiwanda maalumu huko Sojo, wilayani Nzega, kilichozinduliwa mwaka 2024. Lakini vipande vikishaunganishwa kwa moto, kila kiungo hubaki chuma kitupu, na hapana budi kisafishwe na kupakwa papo hapo porini. Ndipo kijana wa kijiji jirani aliyeajiriwa kwa muda anapoingia kazini.

Mpako ukishakauka, mkaguzi hupita na kifaa cha umeme kutafuta tundu hata likiwa dogo kama ncha ya sindano. Unene wake hupimwa, na matokeo huandikwa daftarini, ili baada ya miaka ishirini mtu aweze kujua kiungo kile kilipakwa lini na namna gani. Huo ni utaratibu mzuri, na hatuna neno nao. Lakini twauliza: kifua cha yule aliyekipaka kimeandikwa katika daftari gani?

Hatari zenyewe si za kubuni. Kazi huanza kwa kukipiga chuma mchanga au chembe nyingine kwa nguvu ya hewa ili kuondoa kutu. Vumbi la mchanga wenye silika huyaharibu mapafu kidogo kidogo, na madhara yake huweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Uingereza ilikwisha kupiga marufuku tangu mwaka 1949 mchanga wa aina hiyo usitumike kusafishia vyuma vya kalibu. Baada ya vumbi huja kemikali. Mipako ya epoksi huleta upele na mwasho wa ngozi usiokoma. Povu na rangi za poliyurethani hutengenezwa kwa kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo huweza kumletea mtu pumu. Na akishaipata, hata harufu kidogo ya kemikali hiyo humrudishia shida ya pumzi. Kinyago cha kitambaa au cha karatasi hakizuii mvuke huo hata kidogo.

Aidha, mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutulia chini, ndani ya tangi au shimoni, ukingojea cheche moja tu. Mtu akiingia humo bila hewa kupimwa huweza kuzimia kabla hajaita, na mwenzake akimfuata kumwokoa, wakawa maiti wawili badala ya mmoja.

Mvua za Kagera nazo huongeza taabu. Chuma chenye umande hakipakwi. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto lake lizidi kiwango cha kufanya umande kwa nyuzi 3. Msimamizi mwenye haraka, akiona wingu, hufunika sehemu ya kazi kwa turubai ili chuma kisilowe. Chuma kimepona, lakini mvuke umefungiwa pamoja na mtu. Turubai hilo halina budi kuandamana na feni ya kuvuta hewa chafu na kuingiza safi.

Wako wanaojitetea kwa kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo tuuachie barabara na radi. Kazini ajali nyingi zina kinga, na kinga ina mpangilio wake. Kwanza ni kuchagua dawa na chembe zisizo na madhara makubwa. Pili ni kuondoa vumbi na mvuke kwa mitambo. Tatu ni kupanga kazi vizuri: hewa ya tangi ipimwe kabla ya kuingia, na mtu mmoja abaki mlangoni akiwa na kamba na njia ya kuita msaada. Vinyago, glavu na miwani huja mwisho, tena viwe vya namna inayofaa. Anayeanza kwa kugawa vinyago na kuishia hapo amemtupia mfanyakazi mzigo wa mwajiri.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri ampime mfanyakazi afya kabla hajaanza kazi, wakati wa kazi, na anapoondoka. Uko pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa wanaougua kutokana na kazi. Lakini fidia hutaka ushahidi. Kibarua aliyechukuliwa na mkandarasi mdogo kwa miezi mitatu, asiyepimwa alipoingia wala alipotoka, atathibitishaje baada ya miaka kumi kwamba kikohozi chake kilitoka kiunganishoni? Mkandarasi amekwisha kuhama na makaratasi yake. Yeye amebaki Nyakahura au Rulenge na jembe asiloweza kulinyanyua.

Kwa hiyo twapendekeza jambo moja lisilo na gharama kubwa. Kila apakaye mipako hii apimwe pumzi kwa chombo cha kupuliza, aandikiwe majina ya kemikali alizozishika, na nakala apewe mwenyewe mkononi. Nakala nyingine iwekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kwa sababu wilaya haihami. Wakaguzi wa OSHA wanapofika, waanze na daftari hilo kabla ya kutazama kofia na viatu.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la makampuni makubwa peke yao. Katika karakana za Benaco, Lusahunga na Nyakanazi, gari au geti likipulizwa rangi, mvuke ni ule ule. Vijana hunawa mikono kwa thina na kurudi nyumbani na nguo zile zile. Rangi za zamani zenye risasi zikikwanguliwa, vumbi lake hufuata nguo hadi kwa watoto. Mchuma janga, wahenga walisema, hula na wa kwao. Wenye karakana wapulizie nje au penye hewa ipitayo, wapaache mbali na moto na watoto, na nguo za kazi zibaki kazini.

Mpako ukikosewa, chuma hukwanguliwa kikapakwa upya. Pafu la mtu halikwanguliwi. Viongozi wa wilaya hizi mbili, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakitembelea eneo la kazi na kuonyeshwa daftari la vyuma, wasiondoke kabla hawajaonyeshwa daftari la watu.