Kanda peke yake haitoshi

Juzi katika harusi moja hapa Kiunga palizuka ubishi. Bwana harusi, kijana mwema wa kivuvi, alikodi spika mbili kubwa na kuleta simu iliyojaa nyimbo za Zein l'Abdin, za Juma Bhalo na za wengineo. Mzee mmoja akauliza wapigaji wako wapi. Akajibiwa: "Mzee wangu, si huyu Zein mwenyewe aimba? Tena huyu hachoki wala hali pilau." Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilipokwenda kulala niliona kuwa jawabu lile halifai kuachwa lipite hivi hivi. Mimi ni mmoja wa waliomfuata mtu huyo kwa mashua na kwa basi, basi naomba ruhusa ya wasomaji niseme yangu.

Zein alizaliwa Lamu, akahamia Mombasa, akafariki mwaka 2016. Mambo ya nyuzi Lamu si ya jana. Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mtunzi wa mashairi, mchonga nakshi na mpigaji wa kibangala. Bhalo, ambaye Mungu alimchukua mwaka 2014, alituletea mahadhi ya filamu za Kihindi kwa sauti ambayo hata adui yake hakuweza kuikataa. Zein yeye alishika udi na mahadhi ya Kiarabu na ya kwetu Lamu. Vijana wa wakati huo tuligawanyika kama mashabiki wa mpira. Mimi nilikuwa wa Zein, na hadi leo sijatubu.

Mwaka 1984, nikiwa na fedha za kambamawe wa msimu mzima mfukoni, nilipata habari kwamba atapiga harusi mbili Lamu, kisha moja Mombasa. Nikapanda mashua iliyobeba papa wakavu. Tulilala Kiwayu kungoja upepo, tukalala tena Faza, kisha tukangoja maji yajae ndipo tupite Mkanda. Nilifika Lamu nikinuka papa, na rafiki yangu aliyenipokea akanikataza kuingia nyumbani kwake kabla sijaoga.

Harusi ya kwanza ilikuwa uani, baada ya Isha, bila kipaza sauti. Alikaa akiutengeneza udi wake kwa muda mrefu, na watu hawakuona ni kupoteza wakati. Wakanyamaza mmoja mmoja hata ukasikia mawimbi gatini. Ndipo akaanza. Palikuwa na wimbo mmoja nilioupenda kuliko zote, nikaushika wote kwa moyo usiku ule ule.

Harusi ya pili nilikaa tayari kuufuatisha, nikajikuta nimepotea. Nyumba ile ilikuwa imetoka matangani si zamani. Wimbo ni ule ule, lakini beti zenye utani hazikuimbwa, na ubeti wa subira ukarudiwa mara tatu, udi ukiutangulia polepole kila mara. Wanawake waliokuwa ndani hawakupiga kigelegele hata kimoja. Nilikuwa nadhani wimbo ni kitu kimoja ambacho mwimbaji hukibeba kutoka mji hadi mji, kama mzigo wa mashua. Kumbe sivyo.

Kwenda Mombasa ilikuwa basi kutoka Mokowe, kivuko cha Garsen, kisha feri ya Kilifi, maana daraja lilikuwa halijajengwa. Huko maturubai yalitandwa juu ya njia nzima, spika zikaangikwa, na akina mama wakawa wanainuka kwenda kutunza. Huyu autunza ubeti huu ukimwelekea yule, na yule angoja zamu yake ajibu. Wimbo wangu ukarefuka hata nikaona hautaisha. Nilikuwa nimeazima redio ya kaseti, nikaiweka chini ya spika pamoja na za wenzangu. Upande wa kwanza wa kanda ukaisha katikati ya ubeti, na nilipokwisha kuigeuza ubeti ulikuwa umepita.

Nyumbani baba alinipokea kwa maneno. "Wewe wamfuata mpiga udi kama watu wamfuatao shekhe wao?" Sikuwa na la kumjibu, na sikudai kwamba nimetoka kutafuta elimu. Lakini mama aliniita jikoni, akaisikiliza kanda akipepeta mchele. Ilipokatika akauliza: "Basi? Akasemaje?" Ikanibidi niumalizie ubeti kwa sauti yangu hii mbovu.

Najua yaliyotupata. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, Lamu iliwekewa marufuku ya kutoka usiku, na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku. Taarabu ni ya usiku. Harusi zikafanywa mchana, na nani atamwita mpigaji kuja mpaka huku mpakani, saa za jua kali, akiwa na hofu ya njia? Spika na simu ziliziba pengo, nasi tuzishukuru kwa hilo. Ninalolikataa ni kusema kwamba hakuna pengo. Simu haijui kwamba nyumba imetoka matangani. Itaziimba beti za utani mbele ya mjane.

Na fedha za wapigaji hazikosekani, kwani nimeona mapambo ya harusi za siku hizi yanavyogharimu. Mombasa na Lamu wamesalia wapigaji udi, baadhi yao wazee. Mwenye kuozesha Kiunga mwaka huu na amwite mmoja, ampe nauli ya mashua na mahali pa kulala, na vijana wetu wamfuate mpaka harusi ya pili huko Kiwayu au Faza.

Ile kanda yangu bado ninayo. Ikiwa yuko msomaji aliyekuwako Mombasa usiku ule, na redio yake haikukatika pale ilipokatika yangu, namwomba anipe habari. Papa mkavu wa Kiunga nitamletea mwenyewe.