Ufundi si Jalala la Waliofeli

Katika ibada ya kipaimara wilayani Muleba, mhubiri mmoja aliwausia wazazi kwamba mtoto aliyejaaliwa akili apelekwe chuo kikuu, na yule mzito wa masomo apelekwe ufundi asije akawa mzigo. Na waumini wakaitikia amina.

Amina hiyo imenikera, kwa kuwa imani yenyewe ni batili tangu asili yake. Wahandisi wa kwanza wa reli walilelewa na karakana. George Stephenson, ambaye hakujua kusoma wala kuandika mpaka alipofikia umri wa miaka 18, alijifunza mitambo ya mvuke kwa kuihudumia migodini na kuifungua kipande kwa kipande, na mwaka 1814 akaunda garimoshi lake la kwanza. Mwanawe Robert alisomeshwa, naam, lakini mwaka 1819 baba huyo huyo alimweka chini ya Nicholas Wood, katika mgodi wa Killingworth, ajifunze kazi kwa mikono. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimpata miezi michache tu, kisha akarejea kwenye chuma.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Pale Kemondo, baina ya Bukoba na Muleba, yamefukuliwa matanuri ya wahunzi wa kale, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mabomba ya udongo yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hata hewa ya mivukuto ikapata moto kabla haijafika kwenye makaa. Hikima ya kupasha hewa ndiyo James Neilson wa Uskoti aliyoisajili mwaka 1828, karne nyingi baadaye, na chuma kikawa rahisi wakati ule ule reli zilipokihitaji. Je, wahunzi wale nao walikuwa wazito wa masomo?

Wapo wanaodai kwamba mkono ukizoea nyundo akili hudumaa. Hao hawajapata kumwona fundi wa Kashai, mjini Bukoba, akitega sikio kwenye injini ya lori la kahawa, akaitaja valvu yenye hitilafu kabla hajashika spana. Na ni wao hao, aghalabu, wanaokodi ukumbi na muziki kwa mahafali ya kidato cha nne, ilhali kijana akiomba sanduku la vifaa huambiwa fedha hakuna.

Reli ya kisasa inajengwa kati ya Mwanza na Isaka, ng'ambo ya ziwa letu. Itataka watu wa kuunga vyuma, kukagua mataruma na kutengeneza vichwa vya treni vikiharibika, nao watatoka wapi, ikiwa Muleba imekwisha kuwakataza vijana wake wenye akili wasiguse spana?