Damu Moja, Majibu Mawili

Wanafunzi wenzangu, sijui kama kuna ugonjwa uliozoeleka hapa Nairobi kama taifodi, yaani homa ya matumbo. Mtu akiumwa na kichwa siku mbili tu, huyo anaingia kijimaabara cha ghorofani River Road, au kule Kawangware mwisho wa matatu za 46. Anatolewa damu, na kabla chai haijapoa ameambiwa, "Uko na taifodi." Akivuka barabara aingie maabara ya pili, huenda akaambiwa hana kitu. Sasa amwamini nani?

Kipimo kinachotumiwa sana ni cha Widal, daktari Mfaransa aliyekitangaza mwaka wa 1896. Hakitafuti vijidudu vyenyewe bali kingamwili, yaani askari wa mwili. Taabu ni kwamba askari hao huweza kuonekana kwa mtu aliyeugua zamani, aliyechanjwa, au hata mwenye malaria. Isitoshe, kwenye kigae mpimaji hutazama tu kama tone limefanya chembechembe, kisha anaamua kwa jicho lake: ndiyo au la.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na ndipo wengi hudanganyika. Tuseme (huu ni mfano wangu tu) tumepeleka sampuli 100 zile zile kwa maabara mbili, moja ya mjini na moja ya Kangemi. Zote zinasema "la" kwa 82 na "ndiyo" kwa 2. Zile 16 zilizobaki zinapingana, 8 kila upande. Wenye maabara watajigamba ati wanakubaliana kwa asilimia 84. Alama ya A hiyo!

Hebu tukokotoe. Kila maabara imesema ndiyo mara 10 na la mara 90. Hata zingekuwa zinabahatisha kwa viwango hivyo bila kuitazama damu, zingekubaliana kama mara 82: 81 za "la" na 1 ya "ndiyo". Ujuzi wote umeongeza 2 tu, kati ya 18 zilizokuwa zimebaki. Hiyo ni 0.11. Kipimo hiki huitwa kapa, nacho kilitolewa mwaka wa 1960 na Jacob Cohen, Mmarekani wa saikolojia wala si daktari. Moja ni makubaliano kamili, sufuri ni bahati nasibu tupu. (Walimu wetu wa insha wangepimana kwa kapa, sijui tungeona nini.)

Tena kuna mtihani wa McNemar wa 1947, ambao hutazama zile zinazopingana peke yake. Zikigawanyika 8 kwa 8, hakuna anayeegemea upande. Zikiwa 15 kwa 1, mmoja ana mazoea ya kusema ndiyo. Na ikiwa huyo wa ndiyo nyingi ndiye pia anauza dawa pale dirishani, basi mimi nina haki ya kuuliza.

Hata hivyo, kapa haisemi nani mkweli, kwa maana wawili waweza kukubaliana katika kosa. Ndiyo sababu wapimaji wa virusi vya UKIMWI nchini hutumiwa sampuli ambazo jibu lake linajulikana na aliyezituma, wao hawalijui. Kwa taifodi pia kuna njia ya kuotesha vijidudu kutoka kwa damu. Huchukua siku kadhaa na ni ghali, na hata hiyo hukosa wagonjwa wengine, lakini inafaa kulinganishiwa.

Wengine watasema vijimaabara vidogo vitafungwa na mnyonge atakosa pa kupimwa. Sikubali. Mnyonge huyo ndiye anayenunua dawa asizohitaji huku ugonjwa wake halisi ukiendelea, na vijidudu vinazidi kuzizoea dawa hizo. Tangu sheria ya 1999, kazi ya maabara ina bodi yake, na leseni hutundikwa ukutani. Naomba kando ya leseni hiyo itundikwe karatasi moja zaidi: sampuli ngapi za siri walitumiwa mwaka huo, ngapi walipata, na kapa yao ni ngapi.