Nani Kasema Kijijini Hakuna Raha?

Imani kwamba kijijini hakuna raha imeota mizizi Tanzania. Huisema mtoto wa mjini aliyepelekwa likizo kwa bibi yake, huisema mtumishi aliyepangiwa kituo mbali na lami, na siku hizi huisema hata kijana aliyezaliwa na kukulia kijijini. Ina sura mbili. Ya kwanza inadai kwamba mkulima anaishi kwa dhiki tupu: asubuhi shamba, jioni usingizi, kesho hivyo hivyo. Ya pili inadai kwamba akishavuna anakaa bure chini ya mwembe mpaka mvua irudi. Madai haya yanapingana, lakini hutoka katika kinywa kimoja bila shida, kwa kuwa yote mawili yanamnyima mwanakijiji kitu kilekile: akili ya kuyapanga maisha yake yakampendeza. Imani hiyo ni ya uongo, na uongo wenyewe una hasara.

Bukene inatosha kuukanusha. Mji huu mdogo wa Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, uko kando ya reli itokayo Tabora kupitia Isaka na Shinyanga, reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Vijiji vinavyouzunguka ni vya Wanyamwezi na Wasukuma, walimaji wa mpunga wa mbugani, mahindi, mtama, karanga, viazi vitamu na pamba, na wafugaji wa ng'ombe. Mvua ni ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Anayeufuata mwaka huo tangu mwanzo mpaka mwisho hakuti mwezi usio na raha yake.

Chimbuko la imani hii ni la zamani kuliko reli. Richard Burton alifika Kazeh, palipo Tabora ya leo, Novemba 1857. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 alieleza habari za iwanza, nyumba ya baraza ya vijiji vya Unyamwezi, wanaume wakiwa na yao na wanawake na yao. Katika iwanza ya wanaume aliona watu wanaoshinda wakicheza, wakila, wakinywa na kuvuta, naye akawahukumu kuwa wavivu. Kilichokosekana katika hukumu hiyo ni kalenda. Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote katika njia ya misafara kati ya pwani na maziwa. Wengi wao walisafiri kiangazi na kurudi kulima mvua ilipokaribia. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi hao, ameonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ufundi, kanuni na fahari ya kazi yao. Mtu aliyetembea miezi kadhaa na pembe ya ndovu begani, kisha akaketi barazani na wenzake, alikuwa anapumzika. Mgeni aliyemkuta ameketi aliandika alichokiona siku hiyo, na maandishi yake yakasomwa kana kwamba ndiyo maisha yote.

Baada ya uhuru mtazamo huo ulibadili mavazi tu. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwalenga watu waliohesabiwa kuwa wazururaji mijini, na wengi walisafirishwa kurudishwa vijijini wakalime. Kwa hesabu hiyo kijiji kilikuwa mahali pa kumpeleka mtu akafanye kazi, karibu sawa na adhabu. Kizazi kilichokua kikisikia kwamba asiye na kazi mjini hurudishwa kijijini hakiwezi kulaumiwa kwa kuamini kwamba kijijini hakuna maisha.

Maisha yapo, na huanza upya kila mvua za kwanza. Ardhi ikilowa, kumbikumbi hutoka vichuguuni usiku, na watoto hukesha na taa na mabeseni kuwakusanya. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, hutiwa chumvi, na kuliwa wangali wa moto. Wiki chache baadaye misitu ya miombo hutoa uyoga. Wanawake huingia porini alfajiri wakiwa na vikapu, wakijua chini ya mti gani huota uyoga gani, na upi haufai kuguswa. Ujuzi huo haukuandikwa kokote. Umepita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu kwa kutembea pamoja, na kutembea huko ni sehemu ya raha yenyewe.

Msimu wa kulima ndio unaodhaniwa kuwa wa dhiki zaidi, na ndio uliozaa muziki mwingi zaidi. Katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi kulima kwa vikundi kulikwenda na ngoma: wakulima walipanga mstari, wakapiga majembe kwa mdundo mmoja, na mtunzi akaimba habari za kijiji, sifa za wakulima hodari na kejeli za wazembe. Bugobogobo, ngoma ya majembe, imetoka huko. Mtafiti Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzichapisha katika kitabu kinene mwaka 2010. Anayedai kwamba mkulima ana kazi tupu analazimika kueleza kwa nini kazi hiyo imejaa ushairi kiasi hicho. Maelezo yako wazi: jembe ni zito, na watu wenye akili walitafuta njia ya kulifanya liinuke kwa furaha.

Mvua ikikatika, mavuno huleta kazi nyingine inayostahili kutazamwa kwa karibu. Viazi vitamu haviwezi kukaa muda mrefu vikiwa vibichi, kwa hiyo hutengenezwa kwa namna mbili. Michembe ni viazi vilivyonyaushwa, vikamenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa vibichi. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza pamoja na maganda yake. Chungu kikiepuliwa, wanawake wa nyumba mbili tatu huketi kukizunguka, wakamenya viazi vingali na mvuke, wakihamisha kiazi kutoka kiganja hiki kwenda kile kwa sababu ya moto, huku kisu kikivichana kwa urefu. Vipande hutandazwa juu ya mwamba au kichanja, vikapigwa na jua siku kadhaa hadi rangi ikolee na utamu ujikusanye ndani. Watoto huwekwa walinzi wa kufukuza kuku na mbuzi, na mshahara wao ni vipande wanavyovila mbele ya macho ya wote. Kazi hiyo huchukua siku nzima, na siku hiyo hakuna jambo la kijiji lisilozungumzwa.

Miezi sita baadaye, jembe likiwa mkononi tena na ghala likianza kupungua, matobolwa hutafunwa shambani na kwenye njia ya shule. Michembe huchemshwa, pengine na karanga zilizotwangwa, na kunywewa chai asubuhi. Chakula hiki huitwa cha njaa na watu wasiokijua. Waliokizoea hukifunga katika mifuko na kuwapelekea ndugu Dar es Salaam, ambako sukari haikosekani. Chakula cha njaa hakipelekwi zawadi.

Kiangazi ni msimu wa watu kuonana. Harusi hupangwa, ngoma huchezwa, wageni hulala. Asali ya miombo hurinwa, na Tabora inajulikana nchi nzima kwa asali hiyo. Chini ya mwembe panachezwa isolo, jamii ya bao: mistari 4 ya mashimo 8, mara nyingi yamechimbwa ardhini, na kete za mbegu au kokoto. Anayepita anaona wazee wameinama juu ya vumbi. Anayeketi anaona jambo jingine. Mchezaji huhesabu kwa macho, bila kugusa, kete zitakapoishia baada ya kuzunguka mara mbili au tatu, kisha huzitia shimoni haraka mpaka asiyejua mchezo hafahamu kilichotokea. Watazamaji hawanyamazi, hushangilia, hukosoa, hutania. Kijana hujifunza hapo kupiga hesabu, kungoja zamu yake, na kushindwa mbele ya watu bila kununa. Mwembe wenyewe ni urithi wa njia ya misafara, mti ulioenezwa bara na wafanyabiashara wa pwani, na maembe yake huiva wakati ghala limepungua na mvua haijatulia.

Raha nyingine hazingoji msimu. Salamu ya asubuhi, mwangaluka, na ya mchana, mwadila, haziishi kwa neno moja. Huuliziwa nyumba, watoto, mifugo na mvua, na mdogo huonyesha adabu kwa kuinama au kupiga magoti. Utani, ambao misafara ilisaidia kuueneza kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani hadi pwani kwa Wazaramo, humpa mtu ruhusa ya kumchekesha mfiwa msibani pasipo ugomvi. Treni ikisimama stesheni, karanga, kuku na matunda hupita madirishani, na hata asiyeuza kitu huja kuona nani kashuka. Siku ya gulio mtu hutembea mwendo mrefu kwenda kununua sabuni na chumvi tu. Kilichomtoa nyumbani ni watu.

Watetezi wa imani hii wana hoja tatu, na zote zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba vijana wanahama. Kama raha ipo, wanakimbia nini? Vijana wanahama kutafuta fedha, masomo, matibabu na ardhi, mambo ambayo kweli ni haba. Watu wa Unyamwezi wamekuwa wakiondoka na kurudi tangu zama za misafara, na raha walikwenda nayo. Western Jazz, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam miaka ya 1940 na watu wa magharibi ya Tanganyika, ilikuwa miongoni mwa zilizoufundisha mji huo kucheza dansi. Waliodhaniwa kutoka mahali pasipo na starehe ndio waliopeleka starehe mjini.

Hoja ya pili ni kwamba kusifu raha ya kijiji ni kuupamba umaskini. Hatari hiyo ipo pale furaha ya mtu inapotumiwa kuwa kisingizio cha kumnyima haki. Mwanamke anayetembea kilomita kadhaa kutafuta maji hana haja ya kusifiwa uvumilivu. Ana haja ya bomba. Maji ya Ziwa Victoria yaliyovutwa hadi Nzega, Igunga na Tabora yanathibitisha kwamba huduma na raha si maadui: saa iliyookolewa kisimani ni saa ya kuketi na wenzake. Mgawanyo wa sasa una dhuluma pia, kwa kuwa wanaume ndio wenye muda mrefu zaidi chini ya mwembe. Dawa yake ni kuwapunguzia wanawake mzigo, na kuung'oa mwembe hakumpunguzii mtu yeyote mzigo.

Hoja ya tatu ni pombe. Ulevi umevunja nyumba nyingi vijijini na hauna utetezi. Lakini ulevi umevunja nyumba nyingi mijini pia, na hakuna aliyewahi kusema kwa sababu hiyo kwamba mjini hakuna starehe. Kijiji hakistahili kupimwa kwa kipimo chake kibaya kuliko vyote.

Hasara ya imani hii huonekana wakati wa maamuzi. Kinachohesabika kuwa si kitu hakiandikwi, na kisichoandikwa hakilindwi. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, familia zilizoishi kwa kutawanyika zilihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa. Shule na zahanati ziliingia katika mpango. Miti ya matunda iliyopandwa na babu, makaburi na majirani wa zamani vilibaki nyuma. Leo mkoani Tabora miombo hukatwa kwa ajili ya mashamba mapya, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Mti ukianguka, hesabu hufanywa ya magunia na kilo. Uyoga, mizinga na matunda ya porini kama mbula na furu havimo katika hesabu hiyo, kwa sababu vimekwisha kuitwa vitu vidogo.

Miradi mikubwa inaongeza uzito wa jambo hili. Reli ya kisasa inajengwa kati ya Tabora na Isaka. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga linapita Nzega, na kiwanda cha kuandaa mabomba yake kimejengwa Sojo, wilayani humohumo. Ajira na usafiri ni faida, nao watu wa huko wana haki ya kuzipata. Lakini ardhi inapothaminiwa, mazao na nyumba huandikwa haraka kuliko kivuli cha watu wote au uwanja wa ngoma.

Sheria tayari inatoa nafasi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli katika kuitenga ardhi ya pamoja. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi. Kwa mamlaka hayo kijiji kinaweza kuandika katika mpango wake wa matumizi ya ardhi kwamba pori fulani ni la uyoga, matunda na mizinga, kwamba uwanja fulani ni wa ngoma na mpira, kwamba miembe ya gulio haikatwi. Maofisa wa wilaya wana wajibu wa kuyapokea maombi hayo kwa uzito uleule wanaoupa ombi la josho au ghala. Walimu nao wana wajibu wa kuacha kuwatisha wanafunzi wavivu kwamba wataishia kulima.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba takribani watu 65 katika kila 100 wa Tanzania wanaishi vijijini. Kusema kwamba kijijini hakuna raha ni kusema kwamba wengi wa Watanzania wanaishi bila kuishi. Mkataa kwao ni mtumwa, na nchi inayoyakataa maisha ya watu wake walio wengi haiwezi kuwapangia maisha bora.