Mapenzi ya jukwaani yafunzwe jinsi yanavyogeuka

Jamaa anakutumia ujumbe mtamu usiku. Kesho yake unamwonyesha rafiki yako, naye anatoa simu yake: ujumbe ni ule ule, neno kwa neno, jina tu ndilo limebadilishwa. Soo hii ina zaidi ya miaka 400. Ndiyo inayoanzisha vurugu katika The Merry Wives of Windsor, tamthilia ya kuchekesha ya William Shakespeare. Falstaff, mzee aliyeishiwa pesa, anawaandikia wake wawili wa watu barua moja, macho yake yakiwa kwenye mali ya waume zao.

Mwaka 2012, waigizaji kutoka Kenya waliicheza kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe jijini London, kwa jina Wanawake wa Heri wa Winsa. Kwa hivyo mtu asituambie mambo haya ni ya Wazungu, au hayasemeki kwa lugha yetu.

Shida iko darasani. Hapa Kakamega, kama kwingi nchini, mhusika hupewa sifa na kufungiwa humo. Falstaff ni mlaghai. Ford ana wivu. Fenton ana mapenzi ya dhati. Unakariri, unapata alama, umemaliza. Penye mapenzi yenyewe mwalimu anapita mbio huku darasa likicheka chini chini, kana kwamba ametaja Muliro Gardens. Ajabu ni kwamba wasichana wa Butere, katika kaunti hii hii, walifika tamasha la kitaifa la drama mwaka 2025 na Echoes of War, mchezo wa siasa uliotikisa nchi. Wanaoweza kuibeba siasa jukwaani watashindwaje na mapenzi?

Mchukue huyo Fenton. Anamtaka Anne Page, binti wa tajiri. Baba ameshamchagua Slender, mwenye mali na asiye na maneno. Mama anamtaka Caius, daktari Mfaransa. Na Fenton mwenyewe anamkiri Anne kwamba kilichomvuta mwanzoni ni utajiri wa babake, kisha katika kumfuatafuata akaona thamani iko kwa Anne mwenyewe. Hapo utaandika sifa gani? Mwenye tamaa au mwenye mapenzi? Msichana ambaye mubaba humlipia nauli anajua fika kwamba pesa na mapenzi hutembea njia moja. Anachohitaji ni mahali pa kulizungumza hilo bila kuchekwa wala kuhubiriwa.

Njia si ngumu. Mwalimu aandike majina ubaoni na kuchora mishale: nani anamtaka nani, na kwa sababu gani. Kila onyesho likiisha, afute na kuchora upya. Mshale wa Fenton utabaki ulipo, ila sababu iliyoandikwa juu yake itabadilika. Mishale ya Falstaff itaelekea kwenye mifuko ya waume.

Ford naye atalipa darasa kazi. Anajipa jina la uongo na kumlipa Falstaff amtongoze mkewe, apate ushahidi. Baadaye anapekua kapu la nguo chafu mbele ya watu, na mke hana kosa lolote. Kapu hilo leo ni simu, na wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba anayeipekua ndiye anayependa. Ford huomba msamaha. Wanafunzi waulizwe kama wao wangemsamehe.

Mwisho wa mchezo, Slender na Caius kila mmoja anatoroka na aliyedhani ni Anne, kumbe ni mvulana aliyevishwa gauni. Anne ameshaolewa na Fenton. Lakini rudi nyuma pale Fenton anapokiri kuhusu pesa: Anne hasemi kama amemwamini. Anamwambia tu aendelee kutafuta ridhaa ya babake. Ukimya huo ungepewa kipindi kizima, Kidato cha Tatu wabishane hadi kengele ilie.